Antivairasi ya kulipia kwenye PC ya nyumbani: kabla hujatoa hela, kagua kwanza fundi alikuachia nini

#1 Fundi wa Kirumba

Wakuu, habari za humu.

Kila anayeniletea laptopu lazima aulize: "Fundi, ninunue antivairasi gani?" Nimeamua niandike mara moja, nikiulizwa tena nitupe linki. Nazungumzia kompyuta ya mtu binafsi yenye Windows: ya mwanachuo, ya mwalimu, ya mama anayeweka hesabu za duka lake. Benki na ofisi zenye mashine mia wana watu wao, siwagusi.

Msimamo wangu ni kwamba huhitaji kununua. Mlinzi tayari unaye. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Microsoft wanaweka Defender ndani ya Windows yenyewe, bure, na kwenye vipimo vya AV-TEST, maabara ya Ujerumani inayopima antivairasi, mara kwa mara inapata alama za juu sawa na zile za kulipia. Enzi za Windows XP mambo yalikuwa mengine kabisa, na ushauri mwingi unaozunguka mtaani bado ni wa enzi hizo.

Shida ni kwamba kwenye mashine nyingi ninazofungua, huyo mlinzi nakuta amefungwa kamba. Na aliyemfunga si mdukuzi wa ng'ambo, ni fundi aliyepiga, yaani aliyesakinisha, Windows.

Inakuwa hivi. Unanunua laptopu iliyotumika, inakuja na Windows iliyowekewa aktiveta, kile kiprogramu cha kuifanya Windows au Office ionekane imelipiwa. Defender hizo aktiveta inazijua na huzifuta, kwa hiyo kwenye maelekezo ya aktiveta hatua ya kwanza ni ile ile kila siku: zima antivairasi. Fundi anazima, anaweka, halafu ili isije ikafutwa baadaye anaiandikia Defender msamaha: folda fulani usiiguse. Wengine wavivu wanasamehe diski C yote. Mteja anaondoka na alama ya kijani inayosema ulinzi upo, kumbe ulinzi umeambiwa usiangalie kokote.

Kagua sasa hivi. Tafuta "Windows Security", ingia "Virus & threat protection", bonyeza "Manage settings", shuka mpaka "Exclusions". Kama wewe mwenyewe hujawahi kuweka kitu humo, orodha inatakiwa iwe tupu. Ukikuta kitu usichokijua, kiondoe, kisha rudi kwenye "Scan options" uchague ile ya "offline". Mashine itajizima na kuwaka, ijichunguze kabla Windows haijaamka. Ni kama robo saa tu.

Sasa kwa nini naisema sana hii aktiveta? Mwishoni mwa 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi visakinishi vya aktiveta moja iitwayo KMSPico vilivyokuwa vinasambazwa mtandaoni vikiwa vimebeba Cryptbot, mwizi wa nywila na pochi za sarafu za kidijitali. Aktiveta ilikuwa inafanya kazi yake, Windows inasema imelipiwa, mtu anafurahi. Mwizi naye yuko kazini.

Na kuna jamii nyingine ya virusi vya fidia inayoitwa STOP, au Djvu. Hii haina habari na benki wala hospitali. Inajificha ndani ya kraki, yaani vitu vya kutumia programu bila kulipa, za Photoshop, za magemu, za aktiveta, inamsubiri mtu wa kawaida. Ikiingia inafunga picha, nyaraka, kila kitu, pamoja na vilivyo kwenye flashi au diski ya nje iliyochomekwa muda huo, kisha inakuachia faili la _readme.txt: lipa dola 980, ukiwahi ndani ya saa 72 utalipa nusu, 490. Oktoba 2019 kampuni ya usalama ya Emsisoft walitoa zana ya bure iliyofungua aina 148 za virusi hivyo. Matoleo yaliyofuata yanachukua ufunguo kutoka seva ya wezi wenyewe, kila mashine na wake, na hapo zana haifui dafu. Anayeweza kupona ni yule ambaye mashine yake haikuwa na intaneti wakati inafungwa, kwa sababu virusi vikikosa seva hutumia ufunguo wa akiba ambao ni mmoja kwa watu wengi.

Nimeshaletewa tasnifu ya mtu katika hali hiyo, imebaki mwezi mmoja kukabidhiwa. Siwezi kuandika nilichomwambia.

Jambo ambalo mafundi wengi hawamwambii mteja: Windows 10 au 11 isiyolipiwa inafanya kazi bila aktiveta. Utakuwa na maandishi ya "Activate Windows" kwenye kona, na huwezi kubadilisha picha ya ukutani kupitia mipangilio. Basi. Masasisho ya usalama inapata, Defender inapata. Ukitaka Word, LibreOffice ni bure na inafungua docx, na Office ya kwenye kivinjari ni bure kwa mwenye akaunti ya Microsoft. Kwa hiyo watu wanahatarisha kila walicho nacho ili kuondoa maandishi ya kijivu kwenye kona.

Hela uliyotaka kununulia antivairasi kanunue diski ya nje. Nakili faili zako, chomoa, weka kabatini. Kuchomoa ndiyo yenyewe. Ikibaki imechomekwa inafungwa pamoja na mashine.

Karibuni, hata wenye kupinga.

#2 mama_Jasmini

Mkuu nimeenda kuangalia huko Exclusions. C:\ yote ipo. Na zipo folda mbili zenye majina ya herufi zisizosomeka. Hii mashine ninayo tangu mwaka juzi na ndiyo natumia kwa benki. Nimeishiwa nguvu.

#3 Fundi wa Kirumba

@mama_Jasmini usiingie tena benki kwa mashine hiyo leo. Kwa simu yako badilisha nywila za barua pepe na benki kwanza, halafu nakili nyaraka na picha tu, programu usinakili hata moja. Kisha ipigwe Windows upya kutoka faili la Microsoft wenyewe, lipo bure kwenye tovuti yao. Folda zenye majina kama hayo mimi huwa sihangaiki kuzisafisha.

#4 MzeeWaLeseni

Fundi nakuheshimu ila hapa umewapotosha watu.

Mosi, Defender kwenye mashine ya RAM 4 na diski ya kuzunguka ni mateso. Fungua Task Manager asubuhi uone "Antimalware Service Executable" inavyoikamata diski asilimia mia huku wewe unasubiri Word ifunguke.

Pili, umeongea kana kwamba kila anayeambukizwa amejitakia kwa kupakua kraki. Kirusi cha fidia cha WannaCry je? Tarehe 12 Mei 2017 ilianza kusambaa, ikapita kompyuta zaidi ya laki mbili katika nchi zipatazo 150. Hospitali za Uingereza ziliahirisha upasuaji. Haikuhitaji mtu abofye linki wala apakue chochote, ilikuwa inatembea yenyewe kwenye mtandao kutoka mashine hadi mashine. Hapo tabia nzuri ingemsaidia nani?

Tatu, wewe unaandikia watu wanaoweza kusoma uzi wenye urefu huu wakauelewa. Baba yangu ana miaka 71 na anabofya kila kinachowaka. Nimemlipia leseni ya mwaka, tovuti za utapeli zinazuiwa, mimi nalala usingizi.

#5 Fundi wa Kirumba

Mzee, hoja zako ni nzito, nizijibu.

WannaCry ilipitia tundu ambalo Microsoft walikuwa wameshaliziba. Kiraka, MS17-010, kilitoka tarehe 14 Machi 2017, karibu miezi miwili kabla. Mashine zilizoanguka karibu zote zilikuwa Windows 7 ambazo hazijasasishwa. Kwa hiyo aliyekuwa amesasisha alipita salama, awe na antivairasi ya kulipia au asiwe nayo. Siku zote nikisema tabia, kusasisha kumo.

Na hapa ndipo penye kidonda chetu, kwa sababu watu wetu wanazima masasisho makusudi. Siwalaumu. Umenunua bando la GB moja, unawasha hotspot utume kazi ya mtu, Windows inaimeza yote kimya kimya kabla hujaambatisha faili. Dawa yake si kuzima. Ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya hotspot yako uwashe "Metered connection", vipakuliwa vikubwa vitasubiri. Halafu ukipata intaneti isiyo na kikomo, kazini au kwa ndugu, bonyeza "Check for updates" ukae nayo mpaka iishe.

Suala la uzito ni kweli kabisa, nisibishe. Ila kwenye diski ya kuzunguka na RAM 4, hata hizo za kulipia zinakaba, maana nazo zinasoma kila faili linalofunguliwa. Hela ya leseni ni bora uielekeze kwenye SSD, diski isiyozunguka. Weka SSD, huo ugomvi wa asubuhi utausahau.

Kuna lingine ambalo wauzaji hawalitaji. Hii ni programu unayoiruhusu kuona kila faili na kila tovuti, basi angalia na biashara ya mwenyewe. Avast, watengenezaji wa antivairasi, walikuwa na kampuni tanzu, Jumpshot, iliyouza taarifa za kuvinjari za watumiaji wao. Ilifungwa mwaka 2020 baada ya waandishi kuifichua, na Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikawadai dola milioni 16.5. Norton mwaka 2021 waliweka ndani ya bidhaa yao kichimba sarafu ya Ethereum. Kukiwasha ilikuwa hiari yako, ila ukichimba wao walikuwa wanakata asilimia 15. Wewe unalipa leseni, na umeme unalipa wewe.

Kwa baba yako sikupingi. Kama leseni inakupa usingizi, lipa. Lakini kuzuia tovuti za utapeli kumo tayari ndani ya Edge na Chrome, bure. Kinachomponza mzee wa miaka 71 ni matangazo yenye vitufe bandia vya "Download" na madirisha yanayopiga king'ora. Mwekee kizuia matangazo: uBlock Origin Lite kwenye Chrome, au uBlock Origin kamili kwenye Firefox. Halafu mfungulie akaunti ya kawaida ya Windows isiyo na madaraka ya kusakinisha, nywila ya msimamizi ukae nayo wewe.

#6 MzeeWaLeseni

Hiyo ya akaunti isiyo na madaraka nimeichukua. Leseni nayo nabaki nayo 😀

#7 SteshenariMbele

Mnaongea kama kila mtu anapata virusi intaneti. Njooni kwangu. Nina duka la kuchapa na kutoa kopi jirani na chuo, flashi zinazoingia humu kwa siku sizihesabu, na adui yangu ni yule yule wa miaka yote: shotikati.

Kwa wasiomjua: unachomeka flashi, folda zako zote zimegeuka kuwa vishale vya shotikati, au kuna shotikati moja tu yenye jina la flashi yenyewe. Mtu anapiga kelele kazi imefutika. Haijafutika. Kidudu kimezificha folda halisi kwa kuzipa alama ya faili za mfumo, kimeweka vishale vyenye majina yale yale. Ukibofya kishale, folda inafunguka kama kawaida ili usishtuke, na papo hapo kidudu kinaingia kwenye kompyuta, kinasubiri flashi inayofuata.

Tiba ninayoitumia: usibofye chochote. Fungua Command Prompt, angalia flashi imepewa herufi gani, tuseme F, andika:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Subiri imalize. Folda halisi zitarudi. Nakili nyaraka zako kwenye mashine safi, futa vishale na kila faili usilolijua, hasa yanayoishia na .vbs, .js au .exe, kisha fomati flashi. Watu wengi wanaishia kurudisha folda, hawafomati, kesho wako hapa tena wananilaumu mimi.

Mashine zangu za wateja nimeziwekea Deep Freeze. Ukizima na kuwasha, diski inarudi kama ilivyokuwa jana, na kidudu kinaondoka pamoja na CV za watu walizosahau. Ile ya kupokelea flashi ina Defender iliyosasishwa na inakamata vingi, hapo nakubaliana na Fundi.

Ombi langu kwa wanachuo: msije na flashi yenye maisha yenu yote. Njoo na flashi yenye faili moja la PDF unalotaka kuchapa, ukirudi nyumbani fomati. Au nitumie kwa barua pepe, faili linakwenda upande mmoja tu.

#8 Jirani wa Thika

Hapa kwetu Kenya duka kama hilo tunaliita saiba, na ninaunga mkono, lakini kuna kitu kibaya kuliko shotikati. Mtu anaingia saiba kuchapa stakabadhi iliyo kwenye WhatsApp. Anafungua WhatsApp Web, anaskani ule mraba kwa simu, anachapa, analipa, anaenda zake. Hajatoka. Anayekalia kiti hicho baadaye anasoma jumbe zake zote, na anaweza kuandikia watu wake akiomba pesa kwa jina lake. Hakuna antivairasi itakayolia hapo, kwa sababu hakuna kirusi.

Fungueni WhatsApp kwenye simu saa hii, muende kwa "Linked devices". Mkiona kompyuta msiyoijua, itoeni. Hali ni ile ile kwa Gmail, na kwa watu wanaofanyiwa maombi ya iTax (ushuru) au HELB (mikopo ya wanachuo) na mhudumu wa saiba halafu nywila inabaki kwa daftari lake.

#9 SteshenariMbele

@Jirani wa Thika hilo la daftari lipo na huku. Wateja wenyewe ndio wanaomba: "niandikie uniwekee, nitasahau." Nikikataa naonekana nina roho mbaya.

#10 MpigaPichaTanga

Naomba nieleweshwe. Nina ukurasa wa Facebook wa kazi zangu za harusi. Nywila ndefu, uthibitisho wa hatua mbili upo, kodi (zile namba za kuthibitisha) inakuja kwa SMS. Mwezi uliopita niliamka nikakuta nimetolewa usimamizi, ukurasa unatangaza mambo ya sarafu. Kodi yoyote sikupokea. Laini yangu ya simu ilikuwa hewani muda wote, hivyo hawakuiteka. Kirusi sikuona, na kompyuta haikuwa nzito wala haikuonyesha tangazo lolote. Waliingiaje?

#11 Nahodha_7

@MpigaPichaTanga pole sana kaka. Uliyoyaeleza ndiyo sura ya wizi wa siku hizi. Kwenye uzi huu limeguswa tu kwenye Cryptbot, nilifungue.

Virusi vya zamani vilipenda kujionyesha. Vya sasa vingi vinaingia, vinachota, vinaondoka, na kazi inaweza kwisha ndani ya dakika. Kinachochotwa ni nywila ulizohifadhi ndani ya kivinjari, na kilicho na thamani kubwa zaidi: vidakuzi. Ukishaingia Facebook kwa nywila na kodi, Facebook inaweka kwenye kivinjari chako alama ya kwamba huyu tumeshamhakiki, asisumbuliwe tena. Mwizi akibeba alama hiyo akaipandikiza kwenye kivinjari chake, Facebook inamwona kuwa ni wewe. Haombwi nywila. Haombwi kodi. Ndiyo maana SMS haikuja.

Si kwa wadogo tu. Machi 2023 chaneli ya YouTube ya Linus Tech Tips, watu ambao kazi yao ni kompyuta na wana wafuatiliaji zaidi ya milioni 15, ilitekwa kwa njia hii hii. Mfanyakazi alipokea barua ya ofa ya udhamini, akafungua kiambatisho alichodhani ni PDF. Chaneli ikaanza kurusha matangazo ya sarafu, kama yako. Na usidhani ni tukio la nadra: Mei 2025 Microsoft walitangaza kuvuruga mtandao wa mwizi mmoja tu wa aina hii, Lumma, wakasema walihesabu kompyuta za Windows zaidi ya 394,000 zilizoambukizwa ndani ya miezi miwili.

Wewe uliingiziwa wapi siwezi kujua, ila jiulize mambo mawili. Kwanza, uliwahi kupokea faili la "mteja" lenye maelezo ya harusi au mkataba? Windows kwa kawaida inaficha kiishio cha jina la faili, kwa hiyo Mkataba.pdf.exe utaliona kama Mkataba.pdf, na alama ya PDF wamelichorea. Ni ujanja wa siku nyingi: kirusi cha ILOVEYOU cha Mei 2000 kilikuja kama LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs na watu wakaiona TXT tu. Fungua File Explorer, kwenye "View" washa "File name extensions". Kitu kidogo hicho kinakamata mengi.

Pili, uliwahi kufika kwenye tovuti iliyokuambia uthibitishe kuwa wewe ni binadamu kwa kubonyeza Windows na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter? Wataalamu wanauita ClickFix. Ukurasa unakuwa umeshanakili amri kwenye kompyuta yako bila wewe kujua. Windows na R inafungua kisanduku cha kuendesha amri, Ctrl na V inaibandika, Enter inaiendesha. Umemwekea mwizi kwa mikono yako, na Defender inaona ni mwenye mashine anafanya kazi zake. Kwa nilichokiona mimi, hii ndiyo inayoziumiza antivairasi zote, za bure na za kulipia. Hakuna uhakiki wa binadamu wa kweli unaohitaji kitufe cha Windows.

Sasa ufanyeje. Mpangilio wa hatua ndio muhimu. Usibadilishe nywila ukiwa kwenye mashine hiyo, mwizi akiwa bado yumo utamkabidhi na mpya. Chukua simu au kompyuta nyingine. Anza na barua pepe, maana ndiyo inayofungua vingine vyote: badilisha nywila, kisha tafuta sehemu ya kutoa vifaa vyote vilivyoingia. Hilo la pili ndilo linaloua vile vidakuzi vilivyoibwa. Fuata Facebook, benki, vingine. Mashine ipigwe Windows upya. Baada ya hapo nywila zihamishie kwenye programu ya kutunzia nywila kama Bitwarden au KeePass, zote zina matoleo ya bure, na kodi za hatua mbili zitoke kwenye programu ya simu badala ya SMS. Haitazuia wizi wa vidakuzi, ila itakuokoa siku watakapoiteka laini.

#12 MpigaPichaTanga

Asante sana Nahodha. Ni hiyo ya pili. Nilikuwa natafuta fonti za kadi za harusi, ikanitaka nibonyeze hivyo hivyo. Nikaona ni ukaguzi wa kawaida, maana siku hizi kila tovuti inakukagua.

#13 Kichwa Ngumu

Wekeni Linux badala ya Windows muache kulia. Mimi sijaona antivairasi tangu nihame.

#14 Nahodha_7

@Kichwa Ngumu virusi vilivyoandikwa kwa Windows utavikwepa, hilo sikatai, na shotikati za SteshenariMbele hazitakugusa. Ila ukurasa bandia wa benki unafunguka vizuri tu kwenye Linux, na nywila ukiiandika humo imekwenda. Wenye Mac nao waliwahi kujisifu hivyo mpaka kirusi cha Flashback cha 2012 kilipopita kwenye Mac zaidi ya laki sita.

#15 mwalimu_wa_Fizikia

Fundi, mimi nina Core i5 ya kizazi cha nne, Windows 10. Nimeambiwa Windows 10 imekufa, na mashine yangu haipokei 11. Je, mimi ndiye ninayetakiwa kununua antivairasi sasa?

#16 Fundi wa Kirumba

Mwalimu, swali zuri, na linawahusu wengi kwa sababu laptopu nyingi zilizotumika zinazouzwa Kariakoo na hapa Mwanza ni za vizazi hivyo. Windows 11 rasmi inataka Intel kuanzia kizazi cha nane na chipu ya usalama ya TPM 2.0.

Windows 10 ilimaliza muda wake tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft wanatoa nyongeza ya mwaka mmoja ya masasisho ya usalama, mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Ni dola 30, au bure ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio yako ihifadhiwe kwao. Ingia "Windows Update", utaona sehemu ya kujiandikisha. Defender nayo wamesema itaendelea kupokea taarifa za virusi vipya kwenye Windows 10 mpaka Oktoba 2028.

Usichanganye hivyo viwili. Defender kujua virusi vipya hakuzibi matundu ya Windows yenyewe, na antivairasi ya kununua haizibi pia. WannaCry aliyoileta Mzee ilipita kwenye tundu la namna hiyo. Kwa hiyo jiandikishe kwenye nyongeza, uitumie mpaka iishe. Baada ya hapo mashine ya kizazi cha nne iwekee Linux Mint, itakwenda vizuri kwa kuandaa masomo na kuvinjari. Hapo namuunga mkono Kichwa Ngumu.

#17 mwalimu_wa_Fizikia

Nimejiandikisha sasa hivi, imekubali bila kulipa. Ila ile Exclusions yangu ina folda inaitwa KMS. Niifute kabla au baada ya kunakili mitihani ya kidato cha nne?

#18 Fundi wa Kirumba

Ondoa msamaha kwanza, piga ile ya offline, ndipo uchomeke diski ya nje unakili mitihani. Ukichomeka mapema na kuna kitu humo, nacho kitahamia kwenye diski.